Lori la Jeshi Kuwa Nyumba ya Safari: Tuanzie Kwenye Chesisi

MWALIMU: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tumo katika karakana ya Fundi hapa Nakuru, na nje ya mlango limesimama lori la Bedford MJ nililolinunua kwa mtu aliyelipata kwenye mnada. Nataka liwe nyumba ya safari, yenye vitanda viwili, jiko na tenki la maji, ili nipite Rumuruti, Maralal na Baragoi hadi Loiyangalani bila kutafuta mahali pa kulala. Wengi wameniuliza kwa nini sikuagiza jingine kutoka Uingereza, lilikotengenezwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na haya ni malori ya miaka ya 1980. Kwa hiyo anayelitaka hulitafuta miongoni mwa yaliyomo nchini tayari.

FUNDI: Umepata lori jema, Mwalimu. Injini yake ya dizeli ina tabo, kifaa kinachoisukumia hewa zaidi, nasi tunaishi mahali palipo juu, ambapo hewa ni nyepesi na injini isiyo na tabo huchoka mapema kwenye mlima. Lakini umekuja na mchoro wa madirisha na rafu, nami nakusihi tuuweke kando kwanza. Lori hili lilijengwa ili magurudumu yote manne yabaki ardhini hata mahali pabovu, na sehemu ya kazi hiyo hufanywa na chesisi yenyewe, yaani fremu ndefu ya chuma inayobeba lori zima, kwa kujipinda. Ukiifungia sanduku gumu la kuishi kwa bolti pande zote, umeinyima nafasi hiyo, na kitakachopasuka ni sanduku, au chesisi, au vyote viwili.

MWALIMU: Waeleze wasikilizaji jaribio tulilolifanya juzi, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nikiamini.

FUNDI: Tulichukua mabomba mawili ya chuma yaliyonyooka. Moja tulililaza juu ya chesisi nyuma ya kabini, la pili tukalilaza mwishoni kabisa. Lori likiwa mahali tambarare, ukichuchumaa nyuma na kutazama kwa jicho moja, mabomba yalikuwa sambamba, moja limelificha jingine. Kisha tukalipandisha gurudumu la mbele la kushoto juu ya mbao za reli zilizopangwa hadi magotini. Ulipochuchumaa tena, uliona nini?

MWALIMU: Niliyaona yamepishana kama mkasi uliofunguliwa kidogo. Nilinyamaza, maana nilikuwa tayari nimenunua mabati ya kuta.

FUNDI: Nami nilijifunza kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilimjengea mteja sanduku kwenye lori linalofanana na hili, nikalichomelea moja kwa moja, na kazi ilipendeza sana hapa uwanjani. Aliporudi kutoka safari yake ya kwanza Baringo, pembe ya juu ya mlango ilikuwa na ufa unaoingiza ukucha, na kila lori lilipokanyaga jiwe, mlango ulikataa kufunguka. Fikiria mtu amelala ndani usiku na mlango umekwama. Nilimrudishia gharama zake, na tangu siku hiyo sichomelei sanduku la kuishi kwenye chesisi.

MWALIMU: Basi safari hii utalishikiliaje?

FUNDI: Kwa fremu ndogo inayokaa juu ya chesisi kwa pointi tatu. Mbili zitakuwa nyuma, kushoto na kulia, zimekazwa imara. Ya tatu itakuwa mbele, katikati, nayo ni kiungo kinene kinachozunguka kwenye bushi, yaani bomba fupi linaloshikilia pini yake, kwa hiyo chesisi itajipinda chini na sanduku litabaki limenyooka. Mabano yatafungwa kwa bolti kwenye matundu yaliyopo ubavuni mwa chesisi. Kingo za juu na za chini hazitobolewi wala hazichomelewi, kwa sababu hapo ndipo nguvu nyingi hupita. Lazima pia tuache nafasi kati ya kabini na sanduku, kwani vitu hivyo viwili vitakuwa vikitikisika kila kimoja kivyake.

MWALIMU: Na uzito?

FUNDI: Hilo ni lori la kubeba tani 4, lakini tani hizo ni pamoja na sanduku lenyewe, si mizigo pekee. Lita 400 za maji ni kilo 400. Gurudumu la akiba pamoja na rimu yake linapita kilo 100, na hilo nataka likae chini, si juu ya paa kama ulivyolichora. Tenki la maji nalo likae chini, mbele ya ekseli ya nyuma, yaani mhimili wa magurudumu ya nyuma. Kitu kizito kikipanda juu, kwenye mteremko wa kando lori huanza kuegemea, na dereva hana la kufanya.

MWALIMU: Umeme wake ni wa volti 24, nami friji yangu ni ya volti 12. Kuna aliyenishauri niutoe kwenye betri moja kati ya zile mbili.

FUNDI: Usikubali. Betri moja itachoka na nyingine itajazwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Tutaweka kifaa cha kupunguza volti, na betri ya nyumba itakuwa peke yake. Rangi ya kijani cha jeshi pia iondoke kabla hujatoka nje ya mji, usije ukasimamishwa kila kizuizi. Mabadiliko ya bodi yaandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili daftari la gari lilingane na gari lenyewe.

MWALIMU: Tuanze lini?

FUNDI: Jumatatu tutalipeleka kwenye mizani likiwa tupu, tenki la dizeli limejaa na wewe umeketi kabini. Tutapima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Nikishapata namba hizo mbili nitakuambia sanduku liwe na urefu gani, na hapo ndipo utauleta tena mchoro wako wa madirisha.