Hapa niandike jina la nani?

Jamani habari za mchana, karibuni nyote mnaotaka kujitolea kuwa mamenta, yaani watu wazima wa kuwashika mkono vijana wanaotoka vituo vya kulelea watoto, nyie mliojibana kule nyuma sogeeni, viti vya mbele having'ati.

Naanza na fomu. Kuna kijana nilikuwa namsaidia, tumuite dogo tu maana jina lake halinihusu kulitaja hapa, katoka kituoni ana miaka 18 na miezi kadhaa, kapata nafasi ya kozi ya ufundi. Tumekaa mezani anajaza fomu ya usajili, jina sawa, tarehe ya kuzaliwa sawa, anaenda vizuri tu, mara kalamu ikasimama. Nikachungulia. Pameandikwa mtu wa karibu wa kuwasiliana naye wakati wa dharura. Akaniuliza, wala hakuinua kichwa, "Hapa nikiacha wazi watanikataa?"

Sasa mi siku hiyo nilikuwa nimekuja na somo la bajeti, nimeprinti mpaka majedwali, nikayaacha kwenye begi.

Nikamwambia weka la kwangu. Akaliweka, kwa penseli.

Nimewaletea hiyo penseli kwa sababu wengi mnakuja kwenye hii kazi mkidhani ni ushauri, yaani mtakaa na kijana mumpe busara za maisha aende zake. Ushauri anao wa kutosha, katoka kwenye mikono ya maafisa ustawi na walezi na walimu, kashauriwa toka ana miaka minne. Asichokuwa nacho ni mtu ambaye hayupo pale kwa zamu.

Tuangalie hii 18 imetoka wapi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, ikatumika sana kama mstari, ukivuka basi malezi yanakoma, awe alikuwa kituoni au kwenye familia ya malezi ya kambo, ile inayokabidhiwa mtoto asiye wao imlee. Lakini nyie mliokulia kwenu, hebu niambieni, mlitoka nyumbani mara ngapi? Ukaenda ukashindwa ukarudi na furushi la nguo chafu, ukala ukalala ukaondoka tena. Huyu akishindwa anarudi wapi, kitanda chake kina mtoto mwingine tayari.

Nchi nyingine zimeliona hilo zikasogeza mstari. Uingereza walitunga sheria mwaka 2000 kila kijana anayetoka malezini awe na mshauri wake binafsi na mpango wa maandishi, mwaka 2017 wakaongeza msaada huo ufike mpaka miaka 25, Uskoti kwa sheria yao ya 2014 wanaweza kwenda mpaka 26. Marekani toka sheria ya 2008 majimbo yanaweza kupata hela ya serikali kuu kuwalea mpaka 21. Na Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya malezi mbadala, ya 2009, inasema kijana aandaliwe mapema na ikiwezekana awe na mtu maalumu wa kumsaidia kujitegemea. Vizuri sana. Ila huyo mtu wa ofisini ana mafaili, ana likizo, anahamishwa, halafu saa tano usiku simu yake imezimwa na ana haki ya kuizima. Hapo ndo anapoingia mtu wa kujitolea, menta.

Na hapa niwe mkali kidogo, mnisamehe. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2002, wa Grossman na Rhodes, waliangalia vijana waliopewa mamenta kwenye mpango wa Big Brothers Big Sisters, siyo watoto wa vituo hasa, vijana tu. Wale ambao uhusiano ulidumu mwaka na zaidi ndo waliofaidika zaidi. Wale ambao ulivunjika mapema kabisa, miezi ya mwanzo tu, kuna mambo walishuka, mojawapo namna wanavyojithamini. Umeelewa? Siyo kwamba hawakupata kitu, walipungukiwa. Sasa mchukue kijana aliyeshaachwa na watu wazima watano au sita, umuongeze wa saba kwa jina la kujitolea.

Nasema hivi nikijua, maana kabla ya dogo kulikuwa na mwingine, binti. Tulikutana mara mbili, ya tatu kazi ikabana nikamtumia meseji tusogeze, wiki iliyofuata nikasogeza tena na visingizio vyangu vyote vilikuwa vya kweli kabisa, nilipotulia nikampigia namba haipatikani. Mpaka leo. Hakuna wa kumlaumu hapo zaidi yangu.

Kwa hiyo dogo aliponyamaza, na atanyamaza tu, huyo wako naye, nilikuwa nimeshajifunza. Wiki tatu hajibu. Mi kila Jumamosi namwandikia kitu kilekile, nipo pale saa kumi kama kawaida. Sikuuliza kwa nini hujibu wala sikulalamika, naenda nakaa nasoma zangu nusu saa naondoka. Tiki za buluu naziona, anasoma. Jumamosi ya nne akaja, akakaa, akaanza kuniambia habari za viatu vyake. Baadaye sana ndo akasema alikuwa anasubiri nikasirike.

Mambo yenyewe mtakayofanya ni madogo mno, msije mkaona aibu. Dogo alijua kupika, tena vizuri, ila kila alichojua kupika kilikuwa cha watu arobaini, kapanga chumba kapika sufuria limejaa chakula kikamuharibikia siku mbili mfululizo, ikabidi tukae na kikombe tupunguze vipimo mpaka mtu mmoja. Alikuwa analala redio inaongea usiku kucha maana hajawahi kulala chumba kisicho na pumzi za wenzake. Bili ya kwanza ilipokuja aliificha chini ya godoro, akidhani ni barua ya kufukuzwa! Hakuna mtu aliyewahi kufungua bili mbele yake akaguna akailipa, vitu ambavyo sisi tumevifyonza tu kwa kukaa sebuleni.

Pesa msikopeshe, hapo sina maelezo marefu, mkopo ukishaingia kijana anakukimbia siyo kwa ubaya, kwa aibu. Kutana sehemu ya wazi, kubali kuchunguzwa rekodi zako bila kununa, na akikuambia kuna mtu anamuumiza au anataka kujiumiza usimuahidi siri, mwambie palepale kwamba hilo utamshirikisha mratibu. Na jamani, selfi! Mtu kakutana na kijana mara moja picha ishawekwa statasi, "nimembariki yatima". Kwanza wengi siyo yatima, wana wazazi na ndugu wako hai, habari yake ndefu na siyo ya kwako kuisimulia.

Kingine nilichochelewa kukijua. Mwaka 2008 ulitoka utafiti mwingine hukohuko Marekani, vijana waliopita malezi ya kambo ambao walikuwa na mtu mzima wa kuwashika mkono, siyo wa kupangiwa, mtu waliyempata wenyewe kwenye maisha, na uhusiano ukadumu angalau miaka miwili. Walipokua afya yao kwa ujumla ilikuwa bora na mawazo ya kujiua yalikuwa machache kuliko wenzao. Uholanzi wamelifanyia kazi hilo, wanamuuliza kijana mwenyewe, wewe unamtaka nani? Nami nikamuuliza dogo. Hakufikiria hata sekunde, akasema mpishi wa kituoni, yule wa sufuria za watu arobaini, keshastaafu. Tukamtafuta kama mwezi hivi, tukampata, wakaongea kwenye simu mi nimekaa pembeni kama dereva.

Mwaka wa pili wa kozi fomu ikaja tena. Pale kwenye dharura akaandika kwa peni, jina la mpishi. Niliumia kidogo, nisiwadanganye, nikaenda nyumbani nalifikiria. Ila Jumamosi saa kumi tulikutana kama kawaida.

Haya, fomu zenu ziko mezani mlangoni. Kama unajua mwaka huu unahama au una mtihani mkubwa au unategemea mtoto mchanga, usichukue leo, tuachie namba tutakutafuta mwakani, hatununi. Maswali? Dada pale, naona umeinua mkono toka niko kwenye penseli.