Usiwashe Taa, Peleka Umeme

Ahsante mwenyekiti. Sijaweka hata begi chini nimeshaulizwa pale mlangoni: mzee, ndege yako ya kompyuta ina rangi za Air Tanzania? Ina. Ina na za Kenya Airways, na nyeupe tupu kwa asiyetaka ugomvi. Haya, sehemu ya rangi imekwisha, tuzungumze kazi.

Wengi mliomo humu mnarusha, kwa hiyo sitaeleza sana simuleta ni nini: ni programu ya kurushia ndege kwenye kompyuta. Ninaowalenga ni wale mnaotaka kutengeneza ndege yenyewe, tuseme Boeing 737-800, ya kuuza au ya kugawa bure, iwe ya Microsoft Flight Simulator au ya X-Plane. Na ninalokuja kusema nimelisema kila mahali nilipopewa kipaza sauti. Walionisikia kabla wanivumilie, maana ndege ninazoletewa bado ni zilezile.

Unaletewa ndege viti vyake ni vya ngozi vinang'aa, vumbi la juu ya dashibodi limechorwa, skrubu unaweza kuzihesabu. Unafungua msimbo wake, yaani maagizo ya programu, unakuta: rubani akiwasha APU (ile injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme), subiri sekunde 60, washa taa ya buluu. Basi. Sasa mimi mtu mbaya nazima betri katikati ya hizo sekunde 60. Kwenye 737 halisi, ukiwa bado chini, ukizima betri APU nayo inazima. Kwenye hii, saa inaendelea kuhesabu na taa inawaka kwa wakati wake. Namwaga mafuta yote. Taa inawaka. Aliyeandika msimbo ule ameandika siku moja tu katika maisha ya ndege, siku ambayo hakuna kilichoharibika na rubani hakukosea.

Usiandike taa. Andika kinachoiwasha.

737-800 ina jenereta mbili kwenye injini na ya tatu kwenye APU, za volti 115, mizunguko 400 kwa sekunde. Umeme wao unaingia kwenye njia kuu mbili. Kutoka hapo kuna vigeuzi vitatu vinavyoutoa ukiwa umeme mnyoofu (DC) wa volti 28, na chini kabisa kuna betri ya volti 24. Swichi za juu ya kichwa cha rubani kazi yao ni kufunga na kufungua rilei, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme. Programu yako ikokotoe volti inayofika kila mahali, kisha iiulize kila taa na kila skrini: wewe umefikiwa? Umeme ukikatika nyumbani, hakuna mtu anayekwenda kuliambia friji lizime. Lakini nimeona msimbo ambao mwenzetu amekaa akaandika orodha nzima ya vitu vya kuzima jenereta ya kushoto ikifa, kimoja kimoja, na bila shaka kimoja kakisahau, na anapigiwa simu usiku.

Ukiandika njia zenyewe, mambo yanakuja bila kuitwa. Jenereta moja ikifa, iliyobaki inabeba njia zote mbili, na mzigo ukiwa mkubwa kupita kiasi, ndege inakata umeme wa jikoni. Chai ya abiria inapoa. Hukuandika popote kwamba chai ipoe.

Utaniambia: nani atajua? Mteja anataka atoke Nairobi kwenda Dar, awashe otopailoti, aangalie Kilimanjaro upande wa kulia, atue, akalale. Hoja hii nimeisikia hadi nimeikinai, na jibu langu kwake ni refu. Kaeni vizuri.

Tarehe 14 Agosti 2005, Boeing 737-300 ya Helios Airways iliondoka Larnaca, kisiwani Kupro, kwenda Prague kupitia Athens. Ilibeba watu 121. Kabla ya safari hiyo mafundi walikuwa wamepima kama kabini inavuja hewa, na kwa kipimo hicho kitufe cha kuongoza presha huwekwa MAN (kwa mkono) badala ya AUTO (ijiendeshe). Kikabaki MAN. Marubani wakapita kwenye orodha zao za ukaguzi na hawakukiona.

Kikiwa MAN, valvu ya kutolea hewa kule nyuma ya ndege haijiendeshi. Inakaa ulipoiacha, na siku hiyo ilikuwa imeachwa wazi kidogo. Ndege ikapanda, hewa ikawa inatoka zaidi kuliko inavyopaswa. Ilipofika karibu futi 12,000 king'ora kikalia. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kwenye 737 king'ora cha presha ya kabini na king'ora kinacholia uwanjani ndege ikiwa haijapangwa sawasawa kwa kuruka vilikuwa sauti moja. Kimoja unaweza kukisikia ukiwa chini tu, kingine ukiwa angani, lakini sikio linasikia kitu kilekile. Marubani wakakichukua kuwa ni kile cha uwanjani. Mara zikawaka taa za upoozaji wa vifaa vya elektroniki. Nahodha akawasiliana na kampuni, akawa anazungumza na fundi aliye chini kuhusu taa hizo, huku oksijeni inapungua na akili inalegea. Otopailoti ikaipandisha ndege hadi futi 34,000 na kuipeleka Athens, ikazunguka angani hadi mafuta yakakatika. Ndege za kivita za Ugiriki ziliisogelea, zikamwona rubani msaidizi ameinama kitini. Ilianguka karibu na Grammatiko. Hakupona mtu.

Sasa niulizeni: kwa nini taa za upoozaji ziliwaka? Feni zilikuwa nzima. Hakuna kilichokuwa kimeharibika kwenye upoozaji. Kipima mtiririko kinataka hewa ya kutosha ipite, na hewa ya kabini ilikuwa imekuwa nyepesi mno, ikawa inayopita haitoshi, kikatoa taarifa kwamba upoozaji haufanyi kazi. Kwa kipimo chake kilikuwa kinasema kweli.

Hapo ndipo ninapowashika. Yule aliyeandika "feni ikifa, washa taa" hawezi kuipata siku ile hata akikesha mwaka mzima, kwa sababu feni haikufa. Aliyeandika uzito wa hewa ndani ya kabini, hewa inayoingia kutoka injini, hewa inayotoka kwenye valvu, na kipima mtiririko kinachosoma hewa hiyohiyo, anaipata bure. Hajafikiria habari ya taa kabisa, na taa imewaka.

Kwa hiyo nikiletewa ndege niikague, siangalii skrubu. Naweka kitufe MAN, naiacha valvu wazi kidogo, napanda, nasubiri. Presha ya kabini ikishuka hadi kuwa kama ya futi 10,000 angani, nataka king'ora. Ikifika 14,000 nataka barakoa za oksijeni zianguke. Na kama huyo mtengenezaji ni bingwa kweli, katikati hapo nataka taa ya upoozaji. Nyingi huniletea kabini tuli, raha mustarehe, kwa sababu mtu ameandika: ndege ikiwa futi 41,000, kabini iwe 8,000. Namba ni sahihi kabisa, kitabu ndivyo kinavyosema. Ila imeandikwa kama amri, na kwenye ndege ni matokeo.

Kuna mtu huwa anasimama hapa ananiambia, mzee, ule ni msiba wa watu, wewe unaufanya mchezo. Namheshimu anayeuliza hivyo. Sijatengeneza wala sitatengeneza "safari ya Helios" ya kubonyeza na kucheza, na nikimwona anayeiuza nitamsema. Ninachotengeneza ni valvu na kitufe. Miaka iliyofuata, taa mbili ziliongezwa kwenye 737, moja ya presha ya kabini na moja ya maandalizi ya kuruka, ili rubani asitegemee sikio peke yake. Kijana anayetaka urubani akiweka taa hizo mbili mbele yake na kujua kwa nini zipo, sioni tumemkosea nani.

Haya. Mkikubali kwenda njia hii, mtaungua mahali pamoja, na ni bora niwaambie sasa. Muda. Kabini ni chumba kikubwa, presha yake inabadilika taratibu. Lakini mabomba yanayoleta hewa kutoka injini ni madogo na hewa inapita kwa nguvu. Ukikokotoa mara moja kwa kila fremu, yaani kila picha inayochorwa kwenye skrini, na kompyuta ya mtu inatoa fremu 20 kwa sekunde, katika hatua moja bomba linajaa kupita kiasi, hatua inayofuata linakauka, inayofuata linajaa. Mshale wa presha unatetemeka kama mwenye homa. Mwenzake mwenye mashine ya fremu 90 haoni kitu. Wanabishana kama hitilafu ipo au haipo, na wote wawili wanasema kweli. Dawa yake: mifumo iende kwa hatua ndogo zilizo sawa, isifuate fremu. Fremu ikichelewa, unapiga hatua kadhaa ndani yake hadi ufikie saa. Msiniulize baadaye kwa nini valvu yenu inapigapiga. Nimeshasema.

"Kompyuta itazidiwa." Na nini? Na hesabu za nyaya? Kadi ya picha inachora mamilioni ya pembetatu kila fremu, ikiwemo zile skrubu zako, halafu unaogopa kugawanya volti kwa ukinzani.

"Hatuna ndege ya kuigia." Mna mafundi. Kila mtu anamtafuta rubani, anapiga naye picha, anamwuliza inakuwaje huko juu. Rubani atakwambia taa iliwaka. Fundi atakwambia iliwaka kwa nini, na waya wake unapita wapi. Vijana wanaosomea matengenezo ya ndege pale Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, au East African School of Aviation kule Nairobi, ni watu wa rika lenu, na wanajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha rubani. Mkaribisheni mtu chai. Ila vitabu vya kampuni msiviibe, na msimwombe aviibe. Mweleze unachojaribu kufanya, mwache akueleze kwa maneno yake.

Na mnao msimbo wa kusoma. Mradi wa FlyByWire ulianza 2020 kwa kuiboresha ndege ya Airbus A320neo iliyokuja ndani ya simuleta ya Microsoft. Umeme wake, haidroli yake na hewa yake vimeandikwa kwa lugha ya Rust, halafu vinageuzwa kuwa WebAssembly, muundo mwingine wa msimbo, ili simuleta ivikubali. Uko GitHub, tovuti ya kuwekea msimbo, wazi, kwa leseni ya GPL toleo la 3. Someni sehemu ya umeme kabla ya kuandika mstari wenu wa kwanza. Lakini ukichukua kipande chao ukakitia kwenye ndege yako, masharti yanakufuata: unapoisambaza, msimbo wako nao uwe wazi. Usichukue cha wenzio ukakifungia kabatini.

Naona mwenyekiti ameanza kukohoa. Basi haya mengine napita juu juu.

Mwendo wa ndege angani: X-Plane ya Austin Meyer inaligawa bawa vipande vipande na kukokotoa nguvu ya kila kipande, na hilo linawasaidia, lakini haliwaondolei kazi ya kulinganisha na namba za kitabu. Wapo watengenezaji walioona simuleta haiwatoshi, kama Majestic na ndege yao ya Dash 8 Q400, wakakokotoa mwendo nje yake. Q400 tunaiona hapa kila siku, kwa hiyo nilitaka niisemee zaidi, sina muda.

Kompyuta ya safari, ile inayoshika njia ya ndege: hapo ndipo miradi inapofia. Data ya njia za anga inabadilishwa kila siku 28, na kiwango cha ARINC 424, cha kuandikia data hiyo, kina aina 23 za vipande vya njia. Mstari mnyoofu kutoka nukta hadi nukta kila mtu anauweza. Mtu akikwambia amemaliza, mwulize habari ya kipande kinachosema "shika uelekeo huu hadi ufike futi kadhaa", ambacho hakina mwisho kwenye ramani, kwa kuwa mwisho wake unategemea ndege yako ni nzito kiasi gani leo na joto la Dar likoje. Mwangalie uso.

Sauti, tuache. Bei, tuache pia, tutagombana.

Mnaotaka kuanza, anzeni na betri moja, swichi moja, taa moja. Msichore chochote. Betri iwe na chaji inayopungua kadiri taa inavyokula, na ukinzani wake wa ndani. Iacheni iende. Taa ikifika mahali ikaanza kufifia yenyewe, na ukatafuta msimbo wako wote usikute mahali ulipoandika "fifia", ongeza jenereta. Isipofifia, niletee nikutazamie. Nitakuwa pale nje penye chai hadi saa kumi na moja.