Vimeng'enya Havina Neno, Floraidi Mmeiacha Wapi?

Hapa Arusha naulizwa kila wiki: "Daktari, hizi dawa za meno zenye vimeng'enya ni salama?" Ndiyo, ni salama. Ila anayeuliza mara nyingi ameshabadilisha dawa nyumbani, na kinachonitia hofu ni kwamba ameiacha ile yenye floraidi, madini yanayolinda meno.

Usalama wenyewe nitaupitia haraka. Vimeng'enya hivi, yaani protini zinazochochea kazi za kemia mwilini, umezaliwa navyo. Lisozimu imo kwenye mate, machozi na maziwa ya mama. Alexander Fleming aliieleza mwaka 1922, kabla hajaigundua penisilini. Kazi yake ni kubomoa ukuta wa bakteria. Mwenzake, laktoperoksidesi, huwazuia bakteria wasitumie sukari. Kiwandani moja hutolewa kwenye ute wa yai, nyingine kwenye maziwa ya ng'ombe. Ni protini tu. Ukimeza kidogo, tumbo linaisaga kama yai ulilokula asubuhi. Mwenye mzio wa mayai au maziwa ndiye asome lebo kwanza.

Najua kuna atakayeniambia wafanyakazi wa viwanda vya sabuni za unga waliugua pumu kwa ajili ya vimeng'enya. Ni kweli, miaka ya 1960. Walikuwa wakivuta vumbi lake puani kazini siku hadi siku. Dawa ya kwenye tyubu haipeperuki.

Sasa linaloniuma. Wanaonifahamu wameshalisikia, walisikie tena. Alinijia mama aliyekulia chini ya Mlima Meru, meno yake ya mbele ya kahawia, yana vishimo. Aliapa mwanawe hatayapata. Duka moja likamuuzia dawa ya vimeng'enya isiyo na floraidi, akaambiwa inatosha. Miaka 2 akampigisha mtoto mswaki asubuhi na usiku, bila kukosa. Mtoto ana miaka 5, magego 4 ya chini yametoboka. Mawili niliyaziba, mawili nikayang'oa. Mama alilia kuliko mtoto.

Nimlaumu kwa lipi? Hofu yake ina msingi. Maji yetu hupita kwenye miamba ya volkano yakabeba floraidi, na magadi tunayotia kwenye makande yanaongeza. Lakini jamani, tutenganishe mambo mawili! Madoa yale huletwa na floraidi *iliyomezwa* kupita kiasi wakati jino bado linajijenga ndani ya taya. Floraidi ya dawa ya meno hufanya kazi juu ya jino: inasaidia kurudisha madini yaliyoliwa na asidi, halafu unaitema. Kimeng'enya hakirudishi madini. Kinaweza kupunguza utando wa bakteria kwenye meno na kusaidia fizi, nakubali, na hapo kinaishia. Zendium, dawa ya vimeng'enya inayojulikana sana Ulaya, imetiwa floraidi na watengenezaji wake wenyewe. Kama vimeng'enya vingetosha, wangeitia ya nini?

"Mtoto hajui kutema, daktari." Ndiyo maana tunapima. Chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya njegere, na mswaki ashike mzazi. Cha kubadilisha ni maji anayokunywa na kupikiwa: ya mvua, au ya chanzo kilichopimwa kisichozidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Shirika hilohilo mwaka 2021 liliiweka dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha ya dawa muhimu.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kuwazungumzia waliokaukiwa mate baada ya mionzi ya kichwa na shingo, ambao vimeng'enya hivi hutumika kuwapunguzia ukavu. Hao tuonane baadaye. Juisi na soda za kulalia, mnajua nitasema nini.

Mwenye tyubu yake mkobani aje nayo hapa mbele, tuisome pamoja. Tafuteni namba kati ya 1000 na 1500 kando ya herufi ppm, yaani kiasi cha floraidi.