Zaburi ya 40 kwa Gitaa la Besi

Wapendwa, habari za jioni. Nyie wanakwaya wa mbele pale, naona mmeshakunja nyuso na bado sijaanza. Tulieni, sikuja na spika.

Leo tunaisikiliza Zaburi ya 40 kama ilivyoimbwa na U2, bendi ya roki ya Dublin, Ireland, mwaka 1983. Albamu yao ya tatu, War, ilikuwa inamaliziwa katika studio ya Windmill Lane. Muda umewabana, wimbo mmoja bado unahitajika, na mpiga besi, Adam Clayton, ameshaondoka. Mpiga solo wao, The Edge, akashika besi mwenyewe. Wakaokota kipande walichokuwa wamekiweka kando, mwimbaji wao, Bono, akafungua Biblia. Wenyewe husimulia kwamba kazi yote ilikuwa ya dakika tu. Wimbo wakauita 40, basi.

Hebu tukae kidogo kwenye maneno. Sisi tuliolelewa na tenzi tunataka vina na mizani. Zaburi haina vina: mstari unasema jambo, unaofuata unalirudia kwa sura nyingine. "Akaisimamisha miguu yangu mwambani, akaziimarisha hatua zangu." Sasa besi ya roki hufanya nini kama si hivyo? Inazunguka palepale huku inakusukuma mbele. Wakalvini wa Geneva, wale Waprotestanti wafuasi wa Calvin, walihangaika miaka mingi kuzipa zaburi zote vina vya Kifaransa, wakamaliza 1562. Bono aliyagusa maneno kidogo tu, yakakaa.

Ila kilichonileta hapa ni kiitikio. Beti zimetoka katika aya tatu za mwanzo, za mtu aliyekwisha kupandishwa kutoka shimoni na kutiwa wimbo mpya kinywani. Someni mpaka mwisho muone: kufikia aya ya 12 mabaya yasiyohesabika yamemzunguka, na neno lake la mwisho kwa Mungu ni "usikawie". Kwaya zetu hupenda kuishia aya ya 3, nami nimeimba hivyo miaka mingi bila kujiuliza. U2 nao waliishia hapohapo, lakini wakaazima swali la Zaburi ya 6, "hata lini?", wakalifanya kiitikio. Na swali hilo mmeshalisikia tangu wimbo wa kwanza wa albamu, Sunday Bloody Sunday, ule unaokumbusha waandamanaji waliopigwa risasi na askari wa Uingereza mjini Derry, Ireland ya Kaskazini, tarehe 30 Januari 1972. Kule liliulizwa barabarani, penye damu. Huku linaulizwa mbele za Mungu.

Jukwaani walizoea kufungia usiku kwa wimbo huu. Clayton na The Edge wanabadilishana magitaa, kisha wanatoka mmojammoja, anabaki Larry Mullen na dramu zake. Naye akiondoka, watu bado wanaimba.

Haya, aliye na Biblia afungue Zaburi ya 6. Tuisome kwanza, ndipo niwashe redio.