Masharti ya Tovuti Yako na Bei ya Wakili

Hamjambo wenzangu. Mimi ni wakili, nimepewa nusu saa na kipaza sauti kinachokatakata, basi tuanze.

Matangazo ya redio hayaishi bila ile sauti ya mtu kama anayekimbizwa na mbwa: "Vigezo na masharti kuzingatiwa!" Mnacheka, lakini ninyi mnaouza mtandaoni ndio wenye vigezo na masharti siku hizi. Mliyatoa wapi?

Alinijia dada mmoja wa hapa Mombasa, anauza mikoba ya ukili kwenye tovuti yake. Mteja wa Kisumu amepokea mkoba umekatika kishikio, ataka pesa zake. Dada akanifungulia masharti yake: kurasa 11 za Kiingereza, na ndani yake kifungu kwamba mzozo wowote utaamuliwa na msuluhishi, yaani mwamuzi wa nje ya mahakama, katika jimbo la Delaware, Marekani. Nikamuuliza, "Dadangu, Delaware una nani?" Kumbe aliyanakili mahali, akabadilisha jina la duka tu.

Kifungu kile hakikumkinga hata kidogo. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inasema sharti la kumpeleka mteja kwa msuluhishi halimfungii mlango wa mahakama. Na ile "mali ikiuzwa hairudishwi" mnayoipenda? Ubora ambao sheria ya uuzaji wa bidhaa inamhakikishia mteja haufutwi kwa sentensi yako. Mteja wa mkoba anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai ya hadi shilingi milioni 1, bila hata kuajiri wakili. Tena ile Sheria ya Kulinda Wateja yataka mteja wa mtandaoni aelezwe mambo kabla hajafunga mkataba, na apewe nafasi ya kukubali, kukataa au kurekebisha alipokosea. Masharti uliyoyaficha chini kabisa kwa herufi za sisimizi yatakusaidia nini?

Sasa pesa. Mtu huingia ofisini akasema, "Wakili, niandikie masharti ya tovuti." Hapo umeshajipandishia bei mwenyewe, kwa sababu sijui duka lako, na saa nzima itaenda nikikuuliza. Yaandike kwanza kwa Kiswahili chako cha sokoni. Wewe ni nani, unapatikana wapi, unalipwa vipi. Mzigo ukipotelea kwa mtu wa bodaboda, hasara ya nani? Bidhaa ikirudi, nauli analipa nani, na baada ya siku ngapi? Njoo na kurasa mbili hizo uniambie, "Nikagulie hapa." Kukagua si kazi sawa na kuandika upya. Mkubaliane ada moja mapema, kwa maandishi. Sheria yetu ya mawakili inaruhusu. Ila msinibembeleze nishuke chini ya kiwango kilichowekwa kisheria, kwetu hilo ni kosa. Na kabla hujatuma senti kwa mtu, tafuta jina lake kwenye orodha ya Chama cha Mawakili, kwenye mtandao, bure.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya kikundi. Mko kumi mnauza nguo? Changeni, wakili awaandikie kiunzi kimoja, kila mmoja ajaze yake. Muuza samaki asijipenyeze humo. Samaki harudishwi baada ya siku saba.

Msaada wa bure upo, lakini tusidanganyane. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamlenga asiye na uwezo, na kampuni haimo. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria lililoanza 1973, linahangaika na wanaofukuzwa kwenye mashamba na vibarua wasiolipwa. Mimi singewapangia foleni wale kwa ajili ya tovuti ya mikoba.

Pasipofaa ubahili ni taarifa za wateja. Mwaka 2023 Kamishna wa Data, anayesimamia sheria ya kulinda taarifa za watu, aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kubandika picha ya mteja bila idhini yake. Mnaoweka picha za wateja wamevalia magauni yenu, mnanisikia? Ikiwa mauzo yako kwa mwaka hayafiki milioni 5 na wafanyakazi hawafiki 10, huenda umesamehewa kujisajili kwake, maana zipo biashara ambazo haziguswi na msamaha huo. Lakini kuitii sheria hujasamehewa. Miongozo ya Kamishna iko kwenye tovuti yake, hailipiwi. Isome kabla ya kuja kwangu, itakupunguzia maswali ya kulipia.

Yule dada sasa ana ukurasa mmoja na nusu, Kiswahili juu, Kiingereza chini. Kifungu cha tatu: "Mkoba ukifika na kasoro, nitumie picha ndani ya siku 7. Nauli ya kuurudisha ni yangu." Mteja wa Kisumu alipata mkoba mwingine.

Haya, maswali. Mzee wa kofia ya kijani, wewe umenyoosha mkono tangu Delaware.