Miaka ya Masomo ya Daktari na Cheo Chake Jeshini

WAFULA: Msikilizaji, karibu. Mimi ni Wafula, niko hapa Kisumu pamoja na Daktari Chebet, na leo tunalijibu swali ambalo jamaa za madaktari na wauguzi wetu walioko Marekani wamekuwa wakituuliza. Mtu amesomea udaktari kwa miaka mingi, akaongeza shahada ya uzamili au ya uzamivu, kisha akajiunga na jeshi la Marekani. Je, jeshi linamhesabia miaka hiyo, au linamwanzisha chini pamoja na kijana aliyehitimu shahada ya kwanza juzi?

CHEBET: Linamhesabia, Bwana Wafula, lakini kwa masharti ambayo ni lazima yafahamike kabla mtu hajala kiapo. Sheria inayohusika ni kifungu cha 533 katika juzuu ya 10 ya mkusanyo wa sheria za Marekani, na kwa wanajeshi wa akiba kuna kifungu cha 12207 kinachofanana nacho. Vifungu hivi vinamruhusu afisa mpya mwenye elimu ya juu, mafunzo ya ubingwa au uzoefu wa pekee aingie jeshini akiwa amewekewa miaka kadhaa ya utumishi ambayo hakuitumikia kwa miguu yake. Ni utumishi wa kuhesabiwa tu. Daktari aliyehitimu chuo cha udaktari kwa kawaida huwekewa miaka minne, na kwa sababu hiyo haanzi akiwa luteni wa pili bali kapteni, au cheo kinacholingana na hicho akiwa katika jeshi la majini.

WAFULA: Kwa nini minne? Anayesomea udaktari Eldoret au Maseno hukaa chuoni miaka sita baada ya kidato cha nne, kisha anaingia mwaka wa uanagenzi. Hapo naona kama miaka miwili imepotea njiani.

CHEBET: Haijapotea, ila kipimo kinachotumika ni kingine. Sheria inahesabu elimu iliyo juu ya shahada ya kwanza, tena inasema kwamba afisa hatapewa zaidi ya idadi ya miaka inayotakiwa na vyuo vilivyo vingi katika fani yake. Kule Marekani mwanafunzi humaliza kwanza shahada ya miaka minne, ndipo anapoingia chuo cha udaktari kwa miaka mingine minne, na hiyo ya pili ndiyo inayohesabiwa. Aliyesoma kwa miaka sita mfululizo, au aliyechelewa kwa sababu zake, hapati nyongeza kwa kukaa zaidi. Mimi naliona hilo kuwa sawa, kwa sababu jeshi linanunua ujuzi uliokamilika, wala halina haja ya kulipia urefu wa njia iliyopitiwa.

WAFULA: Na baada ya chuo?

CHEBET: Mwaka wa uanagenzi unaongeza usiozidi mwaka mmoja, kisha kila mwaka wa mafunzo ya ubingwa unaotambuliwa katika fani ambayo jeshi linaihitaji unaongeza usiozidi mwaka mmoja mwingine. Chukua daktari bingwa wa upasuaji aliyefunzwa kwa miaka mitano, ule wa uanagenzi ukiwa ndani yake. Anaweza kufikisha minne ya chuo, mmoja wa uanagenzi na minne ya ubingwa, yaani tisa kwa jumla. Hadi 2018 sheria iliweka kikomo cha kawaida kwamba miaka ya kuhesabiwa isizidi ile inayomwezesha mtu kuanza akiwa meja, ingawa kwa madaktari wa tiba na wa meno iliacha mlango wa kuvuka kikomo hicho, kila ombi likiamuliwa peke yake; mwaka huo kikomo kikapandishwa hadi cheo cha kanali.

WAFULA: Sasa tufike kwenye kiini cha swali. Daktari huyu ana shahada ya uzamili katika afya ya umma, au ana uzamivu katika elimu ya vimelea. Hizo zinamwongezea nini?

CHEBET: Hapa ndipo wengi wanapovunjika moyo, na ningependa tupaangalie kwa makini. Kipo kipengele kinachotoa miaka kwa elimu iliyozidi ile ya lazima, kwa sharti kwamba elimu hiyo itatumika moja kwa moja katika kazi za jeshi. Lakini kipengele hicho kinataja fani za afya zisizo za utabibu wala udaktari wa meno. Muuguzi, mfamasia au mwanasaikolojia mwenye uzamili wa ziada ana mlango wake ulio wazi. Daktari wa tiba hana mlango huo, kwa hiyo anabaki kutegemea miaka yake ya ubingwa, au kipengele kingine kinachotoa nyongeza kwa mafunzo au uzoefu wa pekee. Hadi 2018 sheria yenyewe ilisema kwamba nyongeza hiyo ni ya hali zisizo za kawaida; sasa inataka mafunzo au uzoefu huo uhusiane moja kwa moja na mahitaji ya kazi za jeshi, na maana yake ni kwamba nyongeza hiyo huombwa na kutetewa, wala haiji yenyewe.

WAFULA: Kwa maneno mengine, muuguzi kutoka Kakamega mwenye uzamili anaweza kuhesabiwa uzamili wake kwa urahisi kuliko daktari mwenye karatasi kama hiyo hiyo.

CHEBET: Kwa kipengele hicho, ndiyo. Nadhani waliotunga sheria waliona kwamba daktari tayari amepata fungu kubwa kupitia chuo na ubingwa, na kwamba wauguzi na wengineo wangeachwa nyuma mno. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, kuna daktari mmoja ambaye naona anapunjwa, naye ni daktari mtafiti, na sisi wa huku Nyanza tuna sababu ya kumtetea.

WAFULA: Unaizungumzia Kombewa, kituo cha utafiti kilicho katika kaunti yetu ya Kisumu.

CHEBET: Naizungumzia Kombewa. Watafiti wa tiba wa jeshi la nchi kavu la Marekani wamefanya kazi Kenya tangu 1969, na kwa miaka mingi wameshirikiana na KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, hapa Kisumu na kule Kericho. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kubuniwa katika miaka ya 1980 na kampuni ya dawa ya GSK ikishirikiana na taasisi ya utafiti ya jeshi hilo, iitwayo Walter Reed. Majaribio makubwa ya mwisho yalifanywa kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na vituo vya Kenya vilikuwa Kombewa, Siaya na Kilifi. Septemba 2019 chanjo hiyo ikaanza kutolewa kwa watoto katika kaunti za magharibi, uzinduzi ukifanyika Homa Bay, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumiwe kwa watoto wanaoishi penye maambukizi ya malaria ya kiwango cha kati hadi cha juu. Kazi ya namna hiyo haifanywi na shahada ya utabibu peke yake. Inamtaka mtu anayejua kinga ya mwili, takwimu, na jinsi ya kuendesha majaribio kwa maelfu ya watoto bila kumdhuru hata mmoja. Kama daktari ametumia miaka minne kujifunza mambo hayo, na jeshi litayatumia tangu siku yake ya kwanza kazini, basi kuitegemeza haki yake kwenye kipengele cha uzoefu wa pekee ni kumnyima uhakika anaostahili.

WAFULA: Nami nakuunga mkono, kwa sharti moja: shahada hiyo ipimwe kwa kazi atakayopewa. Daktari mwenye uzamili wa usimamizi wa biashara ambaye atakaa chumba cha upasuaji maisha yake yote sioni kwa nini aongezewe hata mwezi mmoja.

CHEBET: Kipimo hicho ndicho kilichomo tayari kwa fani zile nyingine, na ningependa kiwafikie madaktari pia kwa uhakika uleule.

WAFULA: Hebu tuzungumzie fedha, maana najua msikilizaji anangoja. Miaka hii ya kuhesabiwa inaongeza mshahara?

CHEBET: Inaongeza kwa njia moja tu: inakuweka kwenye cheo cha juu, na cheo cha juu kina mshahara wake. Haiongezi miaka ya utumishi inayotumika kupanga ngazi za mshahara ndani ya cheo hicho, wala haikusogezi kwenye ile miaka 20 ya kustahili pensheni. Zamani daktari alihesabiwa miaka ya chuo hata katika mshahara, lakini sheria ya usimamizi wa maafisa iliyopitishwa Desemba 1980, ikaanza kutumika Septemba 1981, iliondoa jambo hilo kwa walioingia baadaye. Siku hizi pengo hilo linazibwa kwa marupurupu ya kidaktari, yakiwemo malipo ya kila mwaka kwa daktari bingwa aliyethibitishwa na bodi yake. Kwa hiyo bingwa anayeingia akiwa na umri wa miaka 40 na cheo cha meja asijidanganye kwamba amebakiza miaka michache astaafu.

WAFULA: Na aliyesomea uzamili akiwa tayari jeshini?

CHEBET: Miaka hii hupangwa wakati mtu anapopewa uafisa kwa mara ya kwanza, na kipindi kimoja hakihesabiwi mara mbili. Shahada inayopatikana baadaye humsaidia mbele ya bodi ya kupandisha vyeo, lakini haimrudishii tarehe nyuma.

WAFULA: Hapa kwetu hali ikoje? Lanet, pale Nakuru, ndipo makadeti wetu wanapofunzwa, na jeshi letu linapotangaza nafasi huwaita pia maafisa wa taaluma, madaktari wakiwa miongoni mwao.

CHEBET: Ni kweli, na ni jambo jema kwamba wana njia yao mbali na ya makadeti wa kawaida. Ninalolitamani kwa jeshi letu na kwa kaunti zetu vilevile ni kuandika wazi, mahali ambapo daktari kijana anaweza kusoma, mwaka mmoja wa ubingwa una thamani gani katika cheo. Migomo ya madaktari tuliyoiona, ule wa siku 100 ulioisha Machi 2017 na ule wa siku 56 wa 2024, ilikuwa na madai mengi, lakini lalamiko la bingwa aliyerudi kutoka masomoni akabaki katika daraja lile lile limesikika hospitali nyingi.

WAFULA: Basi mwambie anayejiandaa kule Marekani afanye nini.

CHEBET: Kwanza, uafisa wa kudumu unamtaka awe raia, na udaktari unamtaka awe na leseni ya huko. Pili, akusanye nakala rasmi za masomo zenye tarehe za kuanza na kumaliza, barua za kila mwaka wa ubingwa, na maelezo ya kazi zinazoonyesha jinsi shahada yake ya ziada inavyoingia katika nafasi anayoombea. Tatu, aombe hesabu ya miaka yake kwa maandishi kabla ya kula kiapo, aisome mstari kwa mstari, na kama kuna mwaka ulioachwa audai wakati huo huo, kwa sababu kusahihisha hesabu hiyo baada ya kuvaa sare ni safari ndefu.