Pimbi wa Shipton's, mteremko wa Chogoria, na ule ubishi wa siku moja

BARAKA: Mambo vipi wapenzi wa milima, tumerudi. Mimi ni Baraka, na Makena yuko hapa lakini ngazi za studio leo amezishuka kinyumenyume, ameshika ukuta.

MAKENA: Ni mapaja, Baraka. Kupanda Mlima Kenya miguu haikulalamika, ni ule mteremko wa Chogoria. Watu hudhani kushuka ni kupumzika, kumbe ukishuka paja ndilo breki, linakaza huku linavutwa, saa baada ya saa, na maumivu yenyewe yanakuja kesho yake na keshokutwa.

BARAKA: Haya, leo mpango ni ruti tatu, Sirimon, Naro Moru na Chogoria, ipi inakimbilika na ipi haikimbiliki. Halafu viatu, halafu chakula cha njiani. Anza na Sirimon kwa sababu ndiko ulikopandia.

MAKENA: Sirimon kwa mkimbiaji ni zawadi. Geti iko kama mita 2,650, na kutoka hapo mpaka kambi ya Old Moses ni barabara ya gari, kama kilomita tisa hivi, inapanda polepole kwenye msitu halafu msitu unakatika ghafla unajikuta nyasi tupu na upepo. Hapo unaweza kukimbia kabisa ukiwa na subira. Old Moses ni mita 3,300, tukalala. Kesho yake ndiyo kazi, unavuka mto Ontulili, unavuka mto Liki North, unapanda ukingo, halafu lile bonde la Mackinder linafunguka mbele yako na vilele vya Batian na Nelion vimesimama kule mwisho. Mimi hapo huwa nasimama tu, siwezi kukimbia nimeangalia chini.

BARAKA: Na ardhi yenyewe?

MAKENA: Vichuguu vya nyasi, mawe, matope meusi katikati. Huwezi kupata mdundo, kila hatua unaamua upya. Na ukipita asubuhi sana udongo umeinuliwa na sindano za barafu, unakanyaga unasikia kacha kacha, jua likipanda hapo hapo panageuka tope. Sasa tukafika kambi ya Shipton's mchana, mita 4,200, nikaweka begi juu ya jiwe, nikafungua zipu nitoe fulana kavu...

BARAKA: Hapo, hapo! Wasikilizaji hii nimeisubiri tangu aniambie kwa simu.

MAKENA: Nikageuka kuvua fulana ile yenye jasho, kurudi namkuta pimbi ndani ya begi. Kichwa ndani, makalio nje. Akatoka na chapati yangu, wala hakukimbia, akakaa hatua mbili kutoka kwangu anakula ananiangalia, na yale meno mawili ya juu yametokeza kama vipembe.

BARAKA: Hayo meno ndiyo ushahidi! Mimi nilikaa usiku nikasoma habari za pimbi mpaka nikasahau ruti. Jamaa zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Si panya, si sungura. Yale meno hayaachi kukua maisha yake yote, kama pembe za tembo.

MAKENA: Kwa hiyo nimelisha ukoo wa tembo.

BARAKA: Umemlisha ndugu yake ndovu chapati! Lakini ngoja, hii inawahusu wakimbiaji moja kwa moja. Umewahi kuangalia nyayo zake?

MAKENA: Nimeziangalia sana, alikuwa na muda mwingi wa kula. Ni nyeusi, hazina manyoya, laini kama mpira, na zinang'aa kama zimelowa.

BARAKA: Zimelowa kweli. Zina tezi zinazotoa majimaji, na ule wayo unabonyea unashika jiwe. Ndiyo maana anapanda mwamba uliosimama wima na hana kucha kali za kumsaidia, zake ni butubutu. Sasa sisi tunahangaika na soli yenye meno marefu, na meno marefu ni ya matope, ukifika kwenye jiwe lililolowa unateleza. Jiwe linataka mpira laini uliolala, eneo kubwa linagusana. Pimbi anajua hilo.

MAKENA: Basi sehemu ya viatu imeisha, nunueni nyayo za pimbi.

BARAKA: Na kuota jua je? Mwili wake haudhibiti joto vizuri, kwa hiyo asubuhi hakurupuki, anatoka shimoni, wanajipanga kundi zima juu ya jiwe wanaota jua, mmoja analinda, mwewe akipita anapiga kelele wote wanatoweka. Mimi nasema mkimbiaji aige hiyo. Dakika ishirini za kwanza unatembea.

MAKENA: Tembea, ndiyo, lakini kule juu huna jua la kuota. Tuliondoka Shipton's saa tisa usiku, maji kwenye mrija wa begi yakaganda. Na jamani kwa dhati kabisa, msiwape chakula wale wanyama. Yule amezoea watu mpaka haogopi, na si kosa lake. Funga zipu, tundika begi ndani.

BARAKA: Sawa. Pimbi tumemaliza.

MAKENA: Hatujamaliza, nakujua.

BARAKA: Twende kilele cha Lenana.

MAKENA: Lenana ni mita 4,985, na kutoka Shipton's ni kokoto, unapanda hatua moja unarudi nusu. Hakuna kukimbia hapo, asikudanganye mtu. Jua likachomoza tukiwa juu. Ile barafu ya Lewis imebaki vipande, inauma kuiangalia. Halafu tukaanza kushuka upande wa Chogoria, Hall Tarns, vile vidimbwi, ukisogea ukingoni unaona Ziwa Michaelson chini kabisa ya lile jabali. Kutoka hapo mpaka geti ya Chogoria ndiyo njia tamu zaidi niliyowahi kukimbia nchi hii. Na ndiyo maana nasema, mtu aliyejiandaa anaweza kufanya Sirimon mpaka Chogoria kwa siku moja.

BARAKA: Hapana.

MAKENA: Sikiliza kwanza. Maumivu ya kichwa ya mwinuko mara nyingi huanza baada ya masaa sita mpaka kumi na mawili ukiwa juu. Ukiwa na kasi unapanda na kushuka kabla mwili haujajua. Karl Egloff, yule mkimbiaji wa milima, mwaka 2014 alipanda Kilimanjaro akashuka kwa saa 6 na dakika 42. Kilimanjaro, Baraka, mita 5,895.

BARAKA: Egloff amekulia Quito, zaidi ya mita 2,800, na hakushuka kwenye ndege akaanza kukimbia. Anayetusikiliza ametoka Mombasa Ijumaa jioni. Kule Lenana hewa imebaki kama nusu ya ya pwani, na kuwa fiti hakukukingi, hata wenye mapafu ya mashine wanaugua kwa sababu wanapanda haraka. Ukishalala juu ya mita 3,000, kila usiku usizidishe zaidi ya mita mia tano.

MAKENA: Hiyo kanuni ni ya kulala, mimi sizungumzii kulala.

BARAKA: Na ukiteguka kifundo mita 4,500? Hapo kasi imekwisha. Uko na kaptura na jaketi nyembamba, umeshalala tayari, upende usipende. Na wanaokuja kukubeba ni watu, maporta na askari wa hifadhi, usiku, kwenye mawe.

MAKENA: Anayetembea na mzigo siku tano naye anateguka, tena yuko juu muda mrefu zaidi. Mi sijasema uende mtupu. Jaketi ya maji, blanketi ya foili, taa ya kichwa, mwenzako, na kichwa kikianza kuuma unageuka.

BARAKA: Nani anageuka akiwa na saa mkononi inahesabu? Na wewe mwenyewe ulilala, tena Old Moses na Shipton's.

MAKENA: Nililala kwa sababu binamu yangu ilikuwa mara yake ya kwanza. Ningekuwa na mtu aliyezoea, ningeenda moja kwa moja.

BARAKA: Na mimi ningekukataza.

MAKENA: Na ningeenda.

BARAKA: ...Haya. Tumekwama. Hata pimbi angesema...

MAKENA: Si nilikwambia hujamaliza!

BARAKA: Pimbi habebi saa! Sawa, naonyeshwa dakika mbili. Naro Moru hatujaigusa.

MAKENA: Naro Moru ina ule mteremko wa kinamasi, magoti yanazama, na watu wakikwepa tope wanakanyaga mimea ya pembeni, njia inazidi kupanuka. Pita katikati ya tope, chafuka. Zaidi ya hapo siku nyingine.

BARAKA: Chakula pia siku nyingine.

MAKENA: Moja ya haraka. Ukiishia geti ya Chogoria ujue mji bado uko mbali, kama kilomita thelathini za msitu na mianzi, na kuna nyati na tembo. Usikimbie hiyo giza linaingia, panga gari mapema. Na jina ulilojiandikisha Sirimon hakikisha umelitoa ukitoka Chogoria, wasije wakakutafuta usiku kucha na wewe umelala nyumbani.

BARAKA: Hapo niko na wewe mia kwa mia.

MAKENA: Na siku moja?

BARAKA: Siku moja hapana.

MAKENA: Sawa, mimi nasema ndiyo. Kwaherini.